Bawa la Kushoto

Mwanamke aliyekata shauri huamka mapema, na Jumamosi hiyo Futi aliamka kabla jogoo wa jirani hajakohoa. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni la kijani ambalo mama yake aliliita "gauni la matumaini," kwa sababu alilivaa kila Jumamosi kwa miaka mitatu na halijawahi kumletea kitu. Kwenye mkoba akatia mkasi, kipande cha nta na vibunda viwili vya uzi. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni tayari. Ndiyo iliyompa jina. Fundi cherehani huyu hakuivua hata akienda mazishini, na wateja walisema siku moja atampima marehemu.

Mama alikuwa jikoni, mgongo ukiwa mlangoni, lakini mama hahitaji macho.

"Leo tena?"

"Leo ni mwisho, Mama. Zimebaki mbavu tatu tu za bawa."

"Mwisho wa ngapi huu? Maana mimi nimeanza kupoteza idadi." Mama akafunika sufuria kwa kishindo. "Kesho saa kumi Mwalimu anakuja na dada yake kuchukua jibu la posa yake. Baba yako anataka kulisikia kwanza yeye, leo jioni. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kamwambie hivyo huyo Rubani wako."

"Mwana mwenyewe si ndiye mimi, Mama?"

"Ndiyo maana nakutuma wewe." Mama akageuka sasa, mwiko mkononi. "Na nikuulize kitu. Hiyo ndege yenu ina viti vingapi?"

"Kimoja. Ilikuwa ndege ya vita. Wakati wa vita hawakualika wageni."

"Kimoja! Mwanamume anajenga kitu chenye kiti kimoja miaka kumi, na mwanangu anamshonea. Wewe atakuweka wapi? Kwenye mkia?"

Futi alicheka, ingawa hakupenda. Mama naye akacheka. Kisha Mama akamtengeneza kola ya gauni, ingawa haikuwa na kasoro yoyote.

"Yule Mwalimu hana ubaya," alisema taratibu.

Hilo ndilo lililomtesa Futi. Mwalimu alikuwa mjane mpole, alifika kwa wakati, aliuliza habari na kusikiliza majibu. Mtu mwenye kosa unamkatalia kwa kosa lake. Asiye na kosa unamshikia wapi?

Njiani, Futi alipanga maneno kama anavyopanga vipande vya nguo kabla ya kukata. Angemaliza bawa. Lingekuwa limekwisha mbele ya macho yao. Kisha angemwambia Rubani: kesho, kabla ya saa kumi, njoo nyumbani. Akisema ndiyo, Mwalimu atajibiwa kwa heshima na kurudi kwake. Ni hayo tu. Moyo wake ulikuwa ukidunda kama wa msichana wa miaka kumi na saba, naye alikuwa na thelathini na tatu.

Watu walimwita Rubani kwa kumtania, kwani hajawahi kurusha hata tiara. Alikuwa fundi wa vile videge vinavyonyunyizia dawa mashambani, katika kiwanja kidogo nje ya mji. Alipokuwa na miaka minane, aliona kwa kinyozi kalenda yenye picha ya ndege ya vita ya zamani, pua ndefu, mabawa ya kitambaa, akaitazama hadi kinyozi akamnyoa upara bila yeye kushtuka. Tangu siku hiyo alitaka kuwa na yake. Alipokuwa mtu mzima akaipata mifupa ya mojawapo kwa wauza vyuma chakavu, imepinda na kuota kutu, akaikokota hadi kwenye banda la nyuma ya kiwanja. "Sitaki kupigana na mtu," aliwaambia waliomcheka. "Nataka tu iwe yangu, na siku moja iondoke chini mimi nikiwa ndani."

Alipokuja dukani kwa Futi mara ya kwanza, alibeba chini ya kwapa kipande cha mbao chembamba kilichopinda.

"Nataka mtu wa kushona mshono mmoja ulionyooka," alisema, "halafu ashone mingine kama huo elfu tatu."

"Mvaaji ni nani?"

"Hana mikono. Ana mabawa."

Futi alimpima kwa macho kutoka viatuni hadi kichwani, naye akapimwa vilevile. Wakajikuta wote wanatazama sakafu. Penzi ni kikohozi, wanasema, na dukani pale watu wawili walikohoa siku nzima.

Miezi minne baadaye Rubani alikuja nyumbani na koti la kuazima, akaketi mbele ya Baba. Baba alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu ambaye katika maisha yake hajalaza barua mezani. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Kijana, niletee kitu kimoja tu ulichokianza ukakimaliza. Ndipo tuzungumze habari za binti yangu." Rubani akashukuru, akainuka. Getini alimshika Futi mkono. "Ikikamilika, nakuja. Nakuapia." Macho yake yalikuwa yamelowa, na Futi alimwamini kwa sababu hiyo hasa.

Basi akashona. Alishona kama mtu anayekimbizwa. Mkia ulichukua miezi minne, bawa la kulia minane. Injini ikapatikana, ikangurumishwa, ikatulia. Likabaki bawa la kushoto, na hilo lilikuwa na mkosi. Walilishona likakaribia kwisha, panya wakala kitambaa. Wakalishona tena, likaingia ukungu. Sasa walikuwa mara ya tatu.

Rubani alikuwa akimngoja mlangoni pa banda, mikono imeoshwa hadi viwiko, vikombe viwili vya chai juu ya tangi la mafuta. Ndivyo alivyokuwa kila Jumamosi. Alimtazama Futi kama anayehakikisha kwamba ni yeye kweli.

"Umevaa la kijani."

"Unajua ninalo jingine?"

Bawa lilikuwa limesimamishwa wima katikati ya banda, refu kama ukuta wa chumba, limevikwa kitambaa kipya cheupe pande zote mbili. Kazi yenyewe haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja husimama upande huu, mwingine upande ule. Wa huku hupitisha sindano ndefu kando ya ubavu wa mbao, wa kule huipokea na kuirudisha upande wa pili wa ubavu, kisha wa huku hufunga fundo. Kati ya fundo na fundo, upana wa ngumi. Hamuonani. Futi alichokiona kwa miaka mitatu ni viatu vya Rubani chini ya bawa, na alivijua viatu vile kuliko anavyoujua uso wa shangazi yake. Kila sindano ilipofika salama, aliyeipokea aligonga ubavu kwa kidole mara mbili, ko, ko, maana yake: niko tayari.

Ubavu wa kwanza waliumaliza wakizungumza ya kawaida. Kwenye wa pili, Futi akapiga moyo konde.

"Mwalimu anakuja kesho."

Sindano ilichelewa kidogo. Kisha ikatokea. Ko, ko.

"Yule anayevaa tai hadi Jumapili?"

"Huyohuyo. Baba anataka jibu langu leo jioni."

"Nawe umesemaje?"

"Nimesema zimebaki mbavu tatu. Sasa zimebaki mbili." Futi alivuta uzi, akakaza fundo. "Rubani, hili likiisha leo, kesho asubuhi unaweza kuja. Ulichoanza umekimaliza. Baba si mtu wa kula maneno yake."

Viatu vilihama kidogo, kimoja kikapanda juu ya kingine.

"Kuna kulipaka dawa ya kukaza kitambaa," alisema. "Halafu injini nayo..."

"Injini ilikwisha mwaka jana. Wewe mwenyewe uliniambia, limebaki bawa tu."

"Ndiyo," sauti ilitoka kule, ndogo. "Limebaki bawa tu."

Futi hakupenda ile sauti, lakini mikono yake iliendelea. Ubavu wa pili ukaisha. Akatafuta nta ya kupaka uzi, akakuta kipande chake kimekwisha.

"Nta iko wapi? Usijisumbue, najua kabati."

"Ngoja nikuletee!" Rubani alisema haraka, akagonga kichwa kwenye kishikio cha bawa alipokuwa akizunguka.

Alikuwa amechelewa. Futi alikuwa ameshafungua.

Ndani ya kabati, chini ya makopo ya rangi, kulikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Juu yake kingine. Alikitoa cha kwanza, akakikunjua. Hakikuwa na alama ya jino la panya hata moja. Kilikuwa na matundu madogo ya sindano, safu kwa safu, upana wa ngumi kati ya moja na jingine. Cha pili hakikuwa na doa la ukungu. Pembeni palikuwa na kopo la biskuti. Alilifungua. Lilijaa vipande vya uzi, kila kimoja na fundo lake, fundo la kuzungushwa mara tatu ambalo mama yake alimfundisha akiwa na miaka tisa na ambalo hakuna fundi mwingine mjini aliyelifunga. Kila uzi ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

Alisimama hapo muda mrefu. Rubani alikuwa nyuma yake.

"Huyu panya," Futi alisema mwishowe, "amejifunzia wapi kukunja kitambaa?"

"Futi..."

"Na mafundo yangu anayaweka kwenye kopo. Panya mwenye adabu sana huyu."

"Futi, nisikilize."

"Nakusikiliza! Miaka mitatu nakusikiliza!" Akageuka, na Rubani akarudi nyuma hatua moja kwa uso aliouona. "Niambie ni mkono gani uliofumua. Huu wa kulia au huu wa kushoto? Au ulitumia yote miwili ili umalize haraka?"

Rubani aliketi juu ya kigoda.

"Siku tuliyomaliza bawa la kulia," alisema, "ulikunja futi yako ukasema, 'Haya, moja tayari.' Ukatabasamu. Mimi nikaingiwa na baridi. Nikajiambia, limebaki moja. Likiisha, nitakwenda kwa baba yako. Akinikataa mara ya pili, sina tena la kusema. Hutakuja tena hapa. Jumamosi itakuwa kama Jumatatu. Nikaona afadhali lisiishe. Lisipoisha, hakuna wa kunikataa, nawe utakuja." Akafuta uso kwa kiganja. "Nyuzi sikuweza kuzitupa. Zilikuwa zako."

Maneno hayo, katika siku nyingine, yangemyeyusha Futi hadi unyayoni. Hata sasa kitu fulani ndani yake kiliyeyuka, akakichukia.

"Mimi nilikuwa nashona ili liishe, uje," alisema. "Kila fundo nililokaza, nilijiambia, hili linamleta. Nawe ulikuwa unafumua ili nisiondoke."

"Ndiyo."

"Tazama vidole hivi. Hakuna mteja aliyewahi kunifumulia kazi, Rubani. Hata yule bibi harusi aliyenenepa wiki ya mwisho hakunifumulia. Alinijia machozi yakimtoka, akaniambia. Kwa nini hukuniambia unaogopa? Tungeogopa pamoja."

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba inawezekana kuogopa pamoja."

Alikuwa analia waziwazi sasa, mwanamume mzima mwenye grisi kwenye kope, na Futi akajikuta amekaa chini mbele yake, akimfuta kwa ncha ya gauni la matumaini. Alimpenda. Hilo halikuwa na mjadala. Alimpenda kwa hasira, kwa aibu, na kwa Jumamosi zote zile.

"Sijui nikukumbatie au nikupige," alisema.

"Anza na kupiga. Nastahili."

Akampiga begani kwa futi, taratibu, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliochoka. Kisha akamshika mashavu, akamlazimisha kumtazama.

"Sikia. Umebaki ubavu mmoja. Tunaushona sasa hivi. Kesho asubuhi unakuja nyumbani, hata bila koti. Nami nitasahau kwamba nilimwona panya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Utakuja?"

Rubani alitazama bawa. Akatazama tena uso wa Futi, kwa kiu ile ile ya kila Jumamosi.

"Tushone," alisema.

Futi alipaswa kujua hapo hapo. Baadaye alijilaumu kwamba hakujua. Lakini mtu anayetaka kuamini hapungukiwi na sababu, naye alirudi upande wake wa bawa, viatu vikarudi upande wa pili, na sindano ikaanza kwenda na kurudi. Walishona upesi, bila kuzungumza. Jua la alasiri lilipenya kwenye matundu ya bati na kuangaza kitambaa, na kwa mara ya kwanza aliona kivuli cha mkono wa Rubani upande ule, kikipokea na kurudisha. Mafundo ishirini. Mafundo kumi. Matatu. Mawili.

La mwisho. Alipitisha sindano. Uzi ukavutika, ukakoma.

Alingoja ko, ko. Haikuja.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Nirudishie."

Kivuli cha mkono kilikuwa pale pale, hakisogei.

"Rubani, nirudishie sindano."

"Nikiirudisha, limekwisha."

"Ndiyo. Limekwisha, nawe unakuja kesho."

"Na akisema hapana? Futi, akisema hapana kesho, Jumamosi ijayo nitafanya nini hapa?" "Nipe wiki moja. Mwambie baba yako wiki moja tu. Nijiandae."

Futi aliweka paji la uso kwenye kitambaa. Kilikuwa na joto la jua. Nyuma ya kitambaa tu, upana wa mkono, alikuwepo mtu pekee ambaye Futi aliwahi kumtamani, akiwa ameshika sindano kama mwenye kushika roho yake.

"Usiporudisha, nitaondoka," alisema.

"Na nikirudisha utaondoka."

"Hapana. Ukirudisha nitabaki. Hilo ndilo ambalo hujawahi kulijaribu."

Akangoja. Alihesabu kimoyomoyo hadi mia, kwa haki, bila kuruka namba. Kisha akauokota mkasi, akaurudisha mkobani. Kopo la biskuti aliliacha. Alitembea kuelekea mlangoni, na kila hatua ilimuuma.

Mlangoni aligeuka.

Kutoka kwenye kitambaa cheupe, upande wake, ncha ya sindano ilikuwa imetokeza. Ikasonga mbele polepole, ikatoka yote, ikaning'inia kwa uzi wake.

Ko, ko.

Mkono ulimwenda Futi mdomoni. Ilikuwa imetoka. Angerudi, angefunga fundo moja, mara tatu, basi. Lakini hakusogea pale aliposimama. Alivitazama viatu. Kutoka upande ule hadi upande huu palikuwa na hatua sita, alizipima mwenyewe zamani kwa ajili ya kitambaa. Zunguka, alimwomba kimyakimya. Usinigongee. Zunguka uje unitazame, uniambie utakuja. Hatua sita tu.

Viatu havikutoka mahali pake.

Ko, ko, kidole kiligonga tena, kikimngoja mtu ambaye hakuwepo tena kwenye bawa.

Futi alitoka nje, akafunga mlango taratibu ili usilie.

Nyumbani alimkuta Baba barazani na redio yake, Mama amesimama nyuma ya kiti, taulo begani. Hakuna aliyemuuliza kitu hadi alipoketi.

"Imekamilika?" Baba aliuliza.

"Bado, Baba."

"Bado nini?"

"Fundo moja."

Baba alizima redio. Futi alikuwa akikwangua nta kwenye vidole, na haikutoka.

"Mwambieni Mwalimu aje," alisema. "Jibu langu ni ndiyo."

Baba alikaa akitazama getini, mahali alipopita kijana mmoja na koti la kuazima. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya karani.

"Mimi siku ile nilikuwa na hasira tu, mwanangu. Nilidhani atarudi wiki inayofuata, anibishie. Nikawa nimeshapanga kukubali." Akakohoa. "Wiki zikapita, hamu haikuisha. Kila Jumapili nilivaa shati nikakaa hapa. Sikuwa na haja na ndege."

Futi aliangua kilio, na Mama akaja kumshika kichwa, na Baba hakujua pa kuweka mikono yake.